ASKARI JUU YA PAA, WAPENZI WA MUZIKI CHINI YA ARDHI

Alhamisi ya tarehe 30 Januari 1969, wakati wa mapumziko ya mchana, malalamiko yalianza kuingia katika kituo cha polisi cha West End Central, jijini London. Waliolalamika hawakuwa mbali. Wakati huo kituo hicho kilikuwa katika mtaa wa Savile Row, mtaa wa mafundi cherehani mashuhuri wanaowashonea matajiri suti na maofisa wa majeshi sare za gwaride. Na kelele zilizolalamikiwa zilikuwa zikishuka kutoka juu ya paa la nyumba namba 3 ya mtaa huo huo. Zilikuwa kelele za magitaa na ngoma, pamoja na sauti za vijana ambao karibu dunia nzima iliwafahamu kwa majina.

Vijana hao walikuwa John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, yaani bendi ya Beatles. Nyumba namba 3 ilikuwa makao makuu ya kampuni yao. Tangu tarehe 29 Agosti 1966, walipopiga muziki katika uwanja wa Candlestick Park mjini San Francisco, hawakuwa wamefanya tena onyesho la kulipiwa kiingilio. Walikuwa wamechoshwa na safari, wamechoshwa na mayowe ya mashabiki yaliyozidi sauti ya vyombo vyao, na maelewano baina yao wenyewe yalikuwa yamepungua. Mwezi huo wa Januari walikuwa wakipigwa picha za sinema huku wakitayarisha nyimbo mpya, na sinema hiyo ilihitaji mwisho. Palitolewa mapendekezo mengi ya mahali pa kufanyia onyesho, likiwamo lile la kwenda hadi Libya katika magofu ya ukumbi wa kale wa Warumi. Yote yalishindikana. Mwishowe wakaamua kupanda ngazi za nyumba yao wenyewe.

Hapakuwa na tangazo wala tiketi. Baridi ya Januari ilikuwa kali, na upepo ulikuwa ukivuma juu ya paa hata Lennon akavaa koti la manyoya la mpenzi wake, naye Starr koti jekundu la mvua la mke wake. Pamoja nao alikuwapo Mmarekani Billy Preston aliyepiga kinanda cha umeme. Kwa muda wa dakika 42 walipiga nyimbo tano tu, baadhi yake zaidi ya mara moja, kwa kuwa shabaha ilikuwa kurekodi wala si kuwaburudisha wapita njia.

Lakini wapita njia walisimama. Makarani waliokuwa wakitoka kula, wasichana wa madukani, wazee wenye miamvuli, wote waliinua shingo kutazama juu, na la ajabu ni kwamba wengi wao hawakuona kitu chochote. Waliokuwa barabarani walisikia bila kuona. Waliotaka kuona walipanda juu ya mapaa ya jirani, na katika sinema anaonekana bwana mmoja wa makamo, kofia kichwani na kiko mdomoni, akipanda taratibu ngazi ya chuma kana kwamba anakwenda kukagua bomba la maji. Wapiga picha walikuwa wametumwa mitaani kuwauliza watu maoni yao. Wapo waliofurahi kupita kiasi, na wapo waliosema ni jambo jema kupata burudani ya bure katikati ya siku ya kazi. Mama mmoja alilalamika kwamba ameamshwa usingizini. Mfanyabiashara mmoja wa jirani alighadhibika, akasema kazi katika jengo lake imesimama. Yafaa tuwe waadilifu: huyu naye alikuwa raia mwenye haki zake. Furaha ya mtu mmoja huwa kero ya jirani yake, na anayepigiwa simu kuja kuamua kati yao ni askari.

Basi askari wakaja. Waliotangulia walikuwa vijana, mmoja wao akiwa na umri wa miaka 19. Mlangoni walipokewa kwa adabu na kucheleweshwa kwa makusudi, huku kamera iliyofichwa nyuma ya kioo ikiwapiga picha bila wao kujua. Waliuliza wakaambiwa wasubiri. Walisubiri, wakauliza tena, wakaonya kwamba watu watakamatwa. Kila aliyewahi kupewa amri ya kutuliza jambo mahali ambapo wakubwa hawapo atawaelewa vijana wale. Nyumba ilikuwa mali ya watu binafsi, na waliokuwa wakivunja utulivu walikuwa vipenzi wa nusu ya dunia. Barabarani umati ulikuwa ukizidi na magari yamekwama, na hakuna kitabu cha kanuni chenye ukurasa unaoeleza la kufanya bendi mashuhuri kuliko zote inapopiga muziki juu ya paa.

Mwishowe waliruhusiwa kupanda juu. Msaidizi mkuu wa bendi, Mal Evans, alipowaona askari alizima mashine za kukuzia sauti za magitaa mawili. Harrison akaiwasha ya kwake, ya Lennon nayo ikawashwa, na wimbo ukaendelea. Askari hawakumvuta mtu, wala hawakupiga teke ngoma. Walisimama. McCartney, alipowaona nyuma yake, alichomeka katika wimbo maneno ya mzaha kuhusu kukamatwa. Ulipokwisha, Lennon aliwashukuru watu na kutania kwamba anatumaini bendi yao imefaulu mtihani wa kuajiriwa. Hakuna aliyefunguliwa mashtaka. Miaka mingi baadaye Ringo Starr alisimulia kwamba alisikitika kidogo, kwani alikuwa akitamani askari wamburute kutoka kwenye ngoma zake ili sinema ipate kunoga! Nadhani kati ya masikitiko yote ambayo mwananchi amewahi kuwa nayo juu ya polisi, hilo ni la heshima.

Nilipokuwa luteni wa pili, nimetoka chuo cha maofisa si muda mrefu, nilitumwa na kikosi kidogo kusaidia ulinzi katika ukumbi wa dansi. Ilitangazwa bendi ya kawaida. Saa nne za usiku alipanda jukwaani mwimbaji ambaye hakutangazwa, mtu ambaye sauti yake kila nyumba iliijua, na kabla hajamaliza ubeti wa kwanza habari ilikuwa imekwisha fika mitaa mitatu ya jirani. Watu walikuja wanakimbia. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kufunga mlango, nami nikaamuru mlango ufungwe. Sajini wangu, mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka mingi, alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini: "Afande, ukifunga huu watauvunja. Tufungue na ule wa nyuma, wapate kupita huku na kutokea kule." Tukafungua. Watu waliingia, wakasikia nyimbo mbili, wakatoka wakilia na kucheka. Nakumbuka kijana mmoja aliyevaa kiatu kimoja tu, kingine amekipoteza njiani, akinishika mkono na kunishukuru mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeimba.

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye heshima zake apande ngazi ya chuma na kiko mdomoni, au mwingine apoteze kiatu, inatubidi tutoke London twende Liverpool, mji wa bandari ulio kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako vijana wale wanne walizaliwa. Huko, katika uchochoro uitwao Mathew Street, uliojaa maghala ya matunda na mboga, palikuwa na handaki.

Natumia neno handaki kwa makusudi. Vyumba vile vya chini ya ghala namba 10, wakati wa Vita Kuu ya Pili, vilikuwa mahali pa wananchi kujificha mabomu ya ndege za Wajerumani. Tarehe 16 Januari 1957 kijana mmoja mpenzi wa jazi, Alan Sytner, alivifungua kuwa klabu, akaipa jina la Cavern, maana yake pango, kwa kuiga klabu moja ya jazi ya jijini Paris. Mtu alishuka ngazi 18 za mawe akakuta njia tatu za matofali zenye dari la duara, zisizo na dirisha hata moja. Hewa ilikuwa haba. Jasho la watu lilipanda hadi darini, likageuka maji na kudondoka juu ya vichwa vyao. Harufu ya jasho ilichanganyika na harufu ya dawa ya kusafishia vyoo na ya matunda yaliyooza. Pombe haikuuzwa, watu walikunywa kahawa na soda. Mama wa siku hizi hangemruhusu mwanawe kukaa humo nusu saa.

Mwanzoni muziki wa roki ulipigwa marufuku humo. Mwezi Agosti 1957 Lennon, akiwa na bendi yake ya shule, alithubutu kuupiga akapelekewa kikaratasi jukwaani kumwamuru aache mara moja. Miaka michache tu baadaye, klabu ikiwa na mwenyewe mpya, marufuku hiyo ililegezwa na vijana wale wakarudi na jina jipya la Beatles. Kuanzia Februari 1961 hadi tarehe 3 Agosti 1963 walipiga hapo, kwa hesabu ya klabu yenyewe, mara 292, nyingi kati ya hizo zikiwa saa za mchana, ambapo makarani na wasichana wa madukani walishuka na mikate yao mikononi. Wasichana hao waliwaona karibu kila wiki kwa umbali wa mkono. Kisha bendi ikaondoka kwenda kwenye umaarufu wake, haikurudi kupiga hapo tena, na pango likabaki na waliolipenda.

Hao waliolipenda walidhihirisha mapenzi yao mapema. Mwezi Februari 1966 klabu ilishindwa kulipa madeni yake, kukiwa pia na gharama ya kutengeneza mifereji ya maji machafu. Madalali wa mahakama walipofika kuifunga walikuta vijana wamekesha ndani, wameziba njia ya ngazi kwa meza na viti. Polisi waliitwa wakaingia na kuwatoa. Sifahamu askari aliyejiunga na jeshi la polisi kwa ndoto ya kuwabeba wasichana kutoka kwenye klabu ya muziki, lakini wito ni wito. Tarehe 23 Julai mwaka huo huo klabu ilifunguliwa tena, na aliyekuja kuifungua alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, ambaye jimbo lake la uchaguzi lilikuwa karibu na mji huo. Miezi mitano ilitosha kuwageuza watu waliotolewa na polisi kuwa wageni wa Waziri Mkuu.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1973, na halikuletwa na madeni. Shirika la reli lilikuwa likijenga njia ya treni chini ya mji, nalo lilihitaji mahali pa kuchimba tundu la kupitishia hewa. Klabu ilifungwa mwezi Mei. Maghala ya juu yakabomolewa, kifusi kikashindiliwa ndani ya njia zile tatu, na uwanja ukafanywa mahali pa kuegesha magari. Kisha tundu lile la hewa halikuchimbwa. Narudia, ndugu msomaji, kwa kuwa jambo hili hunikera kila nilisomapo: halikuchimbwa kamwe. Mtu aliyesafiri kutoka Japani au Marekani kuja kuona mahali muziki wake ulipozaliwa alionyeshwa magari yaliyoegeshwa juu ya changarawe.

Usiku wa tarehe 8 Desemba 1980 Lennon aliuawa kwa risasi mjini New York. Watu wa Liverpool walipotafuta mahali pa kumlilia, ndipo wengi walipotambua walichokuwa wamekipoteza. Mipango ikafanywa ya kulifukua pango. Matumaini yalikuwa kwamba chini ya kifusi lingekutwa zima, lakini mafundi walipochimba walikuta kwamba ubomoaji wa 1973 ulikuwa umeharibu madari yale ya duara kiasi kwamba hayangeweza kubeba jengo jipya. Hivyo msanifu David Backhouse akatumia njia ya pili: matofali 15,000 ya asili yaliokolewa, na kwa matofali hayo klabu ikajengwa upya, ikichukua sehemu kubwa ya kiwanja kile kile, ingawa kwa kina zaidi chini ya ardhi. Ilifunguliwa mwezi Aprili 1984. Baadaye ilifungwa tena kwa matatizo ya fedha, ikafufuliwa mwaka 1991 na wenyeji wawili wa Liverpool.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na hadi leo haujaisha. Je, hilo ni Cavern au ni sanamu yake? Wazee waliokuwapo 1961 wakishuka ngazi husema kwanza kwamba hakuna harufu. Vyoo ni safi, pombe inauzwa, kuna duka la fulana. Wengine hujibu kwamba matofali ni yale yale, mahali ni pale pale, na jasho ni la binadamu vile vile. Na kana kwamba ubishi huo hautoshi, mwaka 1990 ilifunguliwa katika mji huo huo nyumba ya kumbukumbu ya Beatles ambayo ndani yake imejengwa sura nyingine ya Cavern, kwa hiyo mgeni anaweza kwa siku moja kuona pango lililojengwa upya na mfano wa pango, yote mawili kwa kutembea kwa miguu.

Haipasi kudhani kwamba kila kinachojengwa upya hupokelewa. Klabu ya CBGB ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1973 na kulea muziki wa panki, ilifungwa Oktoba 2006 baada ya Patti Smith kupiga onyesho la mwisho, na nafasi yake ikachukuliwa na duka la nguo za bei kubwa. Mwaka 2015 jina lake lilitundikwa juu ya mkahawa katika uwanja wa ndege wa Newark. Wapenzi wa klabu ile walicheka kwa uchungu. Jina lilikuwapo, lakini si mahali, wala si watu, na abiria anayengoja ndege yake huku akila hamu yake ni kusikia ndege inaitwa.

Liverpool ilipata kitu ambacho Newark haikukipata. Tarehe 14 Desemba 1999 McCartney, akiwa na miaka 57, alirudi kupiga muziki katika Cavern iliyojengwa upya, kwa mara ya kwanza tangu 1963. Walioingia walikuwa takriban 300, tiketi zikigawiwa kwa kura, na maelfu wengine walitazama kwenye kioo kikubwa katika bustani ya mji. Alichagua nyimbo za roki za zamani, za aina ile ile ambayo Lennon alikatazwa kuipiga mwaka 1957.

Mwaka 2018 alifanya zaidi. Kwanza, mwezi Juni, alipokuwa akipigwa picha kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha James Corden, aliingia kwa siri katika baa ya Philharmonic ya hapo Liverpool na kusimama nyuma ya pazia. Mnywaji alichagua wimbo kwenye mashine ya santuri, pazia likafunguliwa, na badala ya santuri akamkuta mwenye wimbo akiwa na bendi yake nzima. Picha zake nimezitazama mara nyingi kuliko inavyompasa ofisa mwenye kazi za kufanya. Kwa sekunde chache hakuna anayecheza. Wanaweka mikono vichwani, wanatazamana, mmoja anamshika mwenzake begani kama mtu anayetaka shahidi. Halafu wa barabarani wanaanza kumiminika ndani wakikimbia.

Kisha, tarehe 26 Julai, alitangaza asubuhi kwamba atapiga Cavern siku ile ile. Tiketi zilikuwa za bure, nazo zilitosha watu mia chache tu. Wafanyakazi waliacha kazi, watu wakakimbilia kwenye foleni. Wengine walifika foleni imekwisha fungwa. Walioingia walitakiwa kuacha simu zao za mkononi nje, amri ambayo wengi waliinung'unikia mlangoni na baadaye wakaisifu, kwa kuwa ndani walimwona mtu badala ya kioo cha simu ya aliyesimama mbele. Waliokuwa wakibishana kuhusu matofali walinyamaza kwa jioni moja. Mtu aliyepiga hapo akiwa kijana alikuwa amesimama hapo akiwa mzee wa miaka 76, na yeye mwenyewe hakulalamika kwamba harufu imepotea.

Kuhusu wale askari vijana wa Savile Row, walionekana tena mwaka 2021, Peter Jackson alipotoa filamu yake ndefu iliyotengenezwa kutokana na picha za Januari 1969. Kioo kimegawanywa: sehemu moja inaonyesha paa, sehemu nyingine barabara, nyingine mlango ambapo vijana wale wanaambiwa wasubiri. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa hata wakati Cavern inafukuliwa wanawatazama wakipanda ngazi na kutokea kwenye upepo, kofia zao vichwani, umati ukiwazomea kutoka mapaa ya jirani. Mmoja anasema neno na msaidizi wa bendi. Mwingine anatazama magitaa, anatazama chini barabarani, kisha anasimama tu pale nyuma ya ngoma mpaka wimbo unakwisha.